Shughuli Kumi za Ruti

Jumatatu, 6 Januari 2025. Mpemba, Tunduma.
Mvua. Nimekutana na Mwalimu Venance dukani. Tulistaafu mwaka mmoja. Yeye hajastaafu majivuno. Amenieleza tena jinsi mjukuu wake Fides alivyopata chuo cha nje kwa ufadhili kamili. Eti alama pekee hazitoshi. Eti wanataka shughuli za nje ya masomo: mdahalo, netiboli, kinanda. Akauliza mjukuu wangu Ruti ana shughuli gani. Nikajibu kwamba Ruti ana daraja la kwanza, pointi tatu. Akasema, "Pole, mwenzangu." Pole! Kana kwamba nimefiwa.

Ruti anaomba chuo hicho hicho. Fomu inafungwa tarehe 15. Vyuo vya nchini tuliviacha vipite mwaka jana, kwa ushauri wangu. Kwa hiyo ni hicho, au kukaa nyumbani.

Jumanne, 7 Januari.
Nimeisoma fomu. Nafasi kumi za shughuli. Ruti amejaza moja tu: "Kuhudumia misiba ya mtaa. Miaka minne." Ni kweli. Kina mama humwita kila kunapotokea msiba. Huchota maji, husimamia jiko, hulea watoto wa wafiwa. Nimefuta. Nikamweleza kwamba kwenda msibani si shughuli, ni utu wa kawaida. Tena watadhani huku tunakufa tu. Akasema, "Lakini babu, ndicho ninachokifanya." Nikamwambia anyamaze.

Nimeandika: Mwasisi na Mwenyekiti, Klabu ya Mazingira Mpemba, wanachama arobaini. Mlezi: mimi. Nikaenda Tunduma mjini kuchongesha muhuri. Muhuri mzuri sana. Klabu bado.

Alhamisi, 9 Januari.
Chuo kinataka picha ya shughuli. Jana nilinunua miche hamsini. Leo asubuhi: vijiti hamsini. Mbuzi wa Venance! Nilipomlalamikia, akasema mbuzi nao wana haki ya kujiunga na klabu. Sikucheka. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwataka vijana wafike kesho saa nne, na majembe. Miche nitaazima.

Ijumaa, 10 Januari.
Saa nne kamili. Aliyefika: mimi.

Jirani yetu Samwel, fundi seremala, amefariki hospitalini alfajiri. Ni baba yake Rozi, rafiki wa Ruti. Kwa desturi yetu hakuna anayeshika jembe shambani mpaka marehemu azikwe. Ruti yuko kwa mjane, Imelda, tangu kulipopambazuka. Nimekaa peke yangu na muhuri.

Baadaye nikawaza. Kesho majembe yote ya Mpemba yatakuwa mahali pamoja.

Jumamosi, 11 Januari.
Nimepata picha. Vijana walipokuwa wakifukia kaburi nyuma ya nyumba ya Samwel, niliwaomba wainue majembe juu. Walidhani ni kumbukumbu ya familia, wakainua. Nikamtaka Ruti asogee mbele na atabasamu. Alisogea. Hakutabasamu. Alikuwa amembeba mtoto mdogo wa marehemu. Venance akauliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, kama hapa ni harusini. Imelda akainua kichwa akanitazama. Nikajifanya nafuta kioo cha simu.

Jioni Ruti alikuwa amelala kwa uchovu wa siku mbili. Nimetuma fomu mwenyewe. Chini ya picha: "Ruti akiongoza vijana katika upandaji wa miti."

Jumanne, 4 Februari.
Usaili kwa video. Msaili ni Bi. Faith, mhitimu wa chuo hicho, anayeishi Dar es Salaam. Nilikaa nyuma ya mlango.

Alianza na picha. Alisema amezaliwa Mbozi, na hajawahi kuona wanawake wamejifunga khanga kichwani, wameketi chini, wakingoja mti. Kisha akauliza taratibu, "Nani alifariki?" Ruti akajibu, "Baba yake Rozi."

Akaulizwa alikuwa akifanya nini pale. Ruti akaeleza: chakula cha watu mia mbili, maji, watoto watatu waliokataa kulala bila yeye. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Bi. Faith alikuwa akiandika. Akauliza kwa nini hayo hayamo kwenye fomu.

Hapo nikaona mambo yanaharibika. Nikatoka nyuma ya mlango. Nikaeleza kwamba hayo hufanywa na kila mtu, kwamba klabu ipo, na nikauinua muhuri mbele ya kamera. Bi. Faith akasema, "Shikamoo, mzee." Hakuandika tena.

Alhamisi, 13 Februari.
Jibu limekuja. Chuo hakimpokei mwombaji ambaye fomu yake ina taarifa zisizo za kweli. Haruhusiwi kuomba tena.

Ruti alisoma mara mbili. Hakulia. Aliuliza ni nani aliyeituma fomu ile. Nikasema mtandao siku hizi una matatizo. Akafunga nguo zake, akahamia kwa Imelda, anakohitajiwa. Venance alikuja kunipa pole. Safari hii hakutania. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Februari.
Nimefanya tathmini. Kosa lilikuwa moja tu: wanawake walionekana. Mpiga picha makini angewakata.

Kipo chuo kingine. Fomu zinafungwa tarehe 28. Nimeshajaza, Ruti ataambiwa wakati ukifika. Linalokosekana ni picha.

Mchana nimekwenda kumjulia hali Mzee Tuntufye, nyumba ya tatu kutoka hapa. Amezidiwa. Hasemi tangu jana. Nimemshika mkono, nimemwombea. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba. Upande wa mashariki mwanga ni mzuri, na vijana arobaini wanatosha. Nimechaji simu.