Mwenyekiti Ahudumiwe Kwanza

Wananchi wote, wenye afya na wasio nayo, wanaarifiwa kwamba tatizo la saratani ya sehemu ile limepata ufumbuzi wa kudumu: sehemu ile imepewa jina jipya.

Aliyetangaza habari hizi ni Nyamai, Mwenyekiti wa Kamati ya Istilahi za Staha, na haki yake apewe, hakulala. Siku mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani kwa sumaku, ilipozinduliwa hospitalini, Daktari Gakenia alieleza itaangalia wapi, akapataja kwa jina la nyumbani, mbele ya askofu. Askofu akapaliwa na chai. Nyamai akaona hatari. Mashine ikapigwa marufuku chini ya kiuno, isipokuwa kwa goti la Mwenyekiti, ambalo lilipigwa picha mara kadhaa na kila mara likakutwa ni goti.

Kamati ikahamia hoteli moja Naivasha ili ifikiri vizuri. "Makao Makuu ya Chini" likakataliwa, wakubwa wasije wakadhani wanasemwa. "Mlango wa Nyuma" lilipendwa sana, ila Idara ya Ajira ilikuwa inalitumia tayari. Mwishowe likapita "Kiti". Fupi, safi, na hata askofu anakikalia.

Nyamai alirudi na jina lake kama mtu aliyeleta mvua. Watu wa Mutomo wanakumbuka alivyowaletea kisima pia: kilizinduliwa mara tatu, na mara zote tatu maji yalituma udhuru.

Mlangoni pa chumba cha mashine akamkuta Ndila, muuza mbuzi wa huko huko Mutomo. Ndila alikuwa amemaliza mionzi na dawa Nairobi, akapumzika wiki alizoambiwa, na sasa picha ndiyo ingeamua. Kama uvimbe umekufa, huenda asikatwe. Kama uko hai, atakatwa, abebe mfuko wa choo tumboni maisha yake yote.

"Mwaitu, mama yangu, unaumwa wapi?" Nyamai akauliza kwa upole wa ofisi.

"Hapo ulipokalia ukiwa Naivasha."

"Staha, mama. Panaitwa Kiti. Lakini kanuni za utekelezaji hazijachapishwa. Rudi baada ya bajeti."

"Na huu uvimbe, umeuambia ungoje bajeti?"

"Kila kitu hungoja bajeti."

Ndila akatazama kibao mlangoni, alichokibandika Nyamai mwenyewe kwa ajili ya goti lake: MWENYEKITI AHUDUMIWE KWANZA.

"Sawa," akasema. "Mimi nina kiti, na kinauma. Sasa hapa mwenye kiti ni nani?"

Daktari Gakenia akakisoma kibao polepole, kama mtu anayeheshimu sheria. "Mwenyekiti, ingia," akamwambia Ndila. "Toa hereni kwanza."

Nyamai alitafuta kifungu cha kumzuia, akakosa. Vyote alikuwa amejiandikia yeye.

Majibu yalipotoka, daktari alimwita Ndila pembeni. "Kiti kimesikia dawa. Palipokuwa na uvimbe naona kovu. Nitaingiza kamera nihakikishe, halafu tutakichunga, utakuwa unarudi. Kwa sasa hakiondolewi."

Ndila akavaa hereni moja, akavaa ya pili.

Nyamai naye hawezi kuacha ushindi upite bila hotuba. Akaitisha mkutano katika mji mdogo wa Kwa Vonza, hema na viti vya plastiki, akamleta Mkubwa mwenyewe, yule aliyempa uenyekiti. Mkubwa akashika kipaza sauti, akauliza hiyo mashine inafanya nini hasa.

Daktari akajibu kwa istilahi rasmi. "Mheshimiwa, kiti kikioza, tunakitibu. Halafu tunaangalia kama kimesikia dawa. Kikisikia, tunakiacha. Kisiposikia, tunakiondoa mapema, kabla uozo haujapanda juu."

Watu wakapiga makofi bila kuambiwa, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Na cha Nyamai?" Ndila akauliza kutoka nyuma. "Dozi tatu za kisima, na hicho kiti bado hakijasikia."

Mkubwa hakucheka. Alikuwa bado kwenye yale maneno "kupanda juu", na kwa kuwa huko juu alikuwa anakaa yeye, alifuata ushauri wa daktari siku hiyo hiyo.

Baadaye Nyamai alionekana hospitalini, akitembea kwa uangalifu mkubwa. Nesi akamuuliza anaumwa wapi. Akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona: "Kwenye kiti."

Ndila, aliyekuwa amekuja kwa kamera yake, akajisogeza kwenye benchi kumpisha.

"Nesi, andika vizuri," akasema. "Huyu hana kiti. Walitoa chote."