Ombi la Kurudishiwa Siri ya Ndoa Yangu

Bellevue, Johannesburg
Alhamisi, 2 Julai

Kwa Katibu,
Umoja wa Wasemaji wa Kiswahili wa Bellevue na Berea

YAH: SIRI YANGU ILIYOPOTEA UKUMBINI

Ndugu Katibu, Mama Marcelline,

Nakusalimu kwa heshima inayokustahili wewe na ofisi yako, ingawa najua kwamba ofisi yako ni kiti cha pili kutoka dirishani katika saluni yako, na kwamba barua hii itakukuta umesuka nusu ya kichwa cha mtu. Tafadhali kimalize kwanza kichwa hicho. Jambo langu ni zito na halitakiwi kusomwa kwa mkono mmoja.

Mimi ni Mwalimu Luqman, mstaafu kutoka Tanga, Mwenyekiti wa Umoja huu tangu mwezi wa Machi, na mtu ambaye hadi Jumapili iliyopita alijulikana na wote kuwa mgane. Nimesikia kwamba Jumamosi kamati itakaa kujadili kama nastahili kuendelea na uenyekiti. Sikuandikii kuhusu uenyekiti. Nakuandikia kwa sababu mke wangu, Jeannine, fundi cherehani wa barabara ya Jules kule Malvern, hataki kuniona, na aliyesababisha ni Umoja. Kwa hiyo naomba Umoja umrudishe. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili asiwepo atakayesema hakuelewa.

1. Kuhusu filamu. Ni kweli niliichagua mwenyewe. Nilikuwa nimechoshwa na filamu za magari kulipuka, nikatafuta ya zamani, ya Kimarekani, isiyo na rangi, ambamo watu huvaa suti hata wakiwa jikoni. Inahusu mwanasiasa anayegombea ugavana huku amemficha mkewe hotelini, na tajiri mmoja anayeijua siri hiyo na kuitumia kumlazimisha atie saini mkataba wa daraja bovu. Nilidhani itawafunza vijana wetu uraia mwema. Sikuona kwamba inanihusu. Bi Zubeda wa kwetu Tanga amewaambia watu kwamba hata kipofu angeliona hilo. Mimi si kipofu, na sikuliona. Nilikuwa nikitazama jinsi suti zilivyopigwa pasi.

2. Kuhusu mtafsiri. Ndugu Chris, ambaye siku sita hulinda duka na siku ya saba hututafsiria filamu kwa kipaza sauti kama tulivyozoea nyumbani, hakubaki katika maneno ya wahusika. Huyo gavana mtarajiwa alipoketi kula kwa mwenye benki, Chris alisema, "Leo anakula kwa hawa. Alhamisi atakula kwa akina Bi Zubeda." Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, kwa heshima ya kazi yake, kisha nikaanza kuhesabu siku za juma.

3. Kuhusu chakula. Inasemekana nilinunua kura. Huo ni uzushi. Anayenunua hutoa; mimi nilipokea. Wakati wa kampeni kila kundi liliamini kwamba mgane mwenye pensheni na meno yake mwenyewe huenda akaoa kwao. Watu wa Tanga, wakiongozwa na Bi Zubeda, waliniletea wali wa nazi kila Alhamisi. Bakuli lililetwa na mdogo wake Samira, akiwa amevaa vizuri kupita mahitaji ya kubeba bakuli. Kina mama wa kanisa la Wakongomani walileta sombe, yaani kisamvu chao, na samaki kila Jumapili, na ni Clémentine peke yake aliyejua njia ya kuja kwangu. Wakenya walileta chapati bila kuleta mwanamke, jambo ninaloliheshimu hadi leo.

Sikumwahidi mtu. Nilipoulizwa kama nyumba yangu haihitaji mkono wa mwanamke, nilijibu kwamba inauhitaji sana. Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Mkono wenyewe ulikuwa Malvern. Nilikuwa nimemwomba Jeannine tusitangaze mpaka uchaguzi upite, naye alikubali. Uchaguzi ulipopita, nilimwomba tusubiri mpaka nimalize kurudisha mabakuli.

4. Kuhusu hiyo inayoitwa siri. Ndoa yetu ilifungwa Agosti mwaka jana na shehe anayeaminika, kwa ridhaa ya Damien, kaka yake Jeannine, mbele ya mashahidi wawili. Ndoa yenye mashahidi wawili si ya siri. Kwa hiyo sikuficha kitu. Na kwa kuwa sikuficha kitu, hakuna aliyekuwa na haki ya kukifichua.

Mashahidi wenyewe ni Ndugu Muhammad na Ndugu Ameir. Ni kweli kwamba Muhammad sasa ndiye mtunza ufunguo wa ukumbi, na Ameir ndiye anayeamua nani apewe kipaza sauti mkutanoni. Wanaosema hiyo ni hongo wanawakosea. Hawakunitisha hata mara moja. Muhammad aliniambia tu, siku ya pili ya ushindi wangu, kwamba mtu mwenye ufunguo huwa na shughuli nyingi na hapati muda wa kuzungumza na watu. Niliona ni hoja nzuri.

Isitoshe, nilikuwa nikienda kwa mke wangu kila Jumanne na Ijumaa, mchana kweupe, mbele ya wafanyabiashara wote wa Jules, kupimwa suruali. Mtu mwenye siri hafanyi hivyo. Nimepimwa sana hata sasa ninazo suruali kumi na nne, na Malvern wanakijua kiuno changu kuliko wanavyolijua jina langu.

5. Kuhusu tukio. Filamu ilifika mahali ambapo mke wa gavana ameketi peke yake kitandani hotelini, koti likiwa mapajani. Chris akaigiza sauti ya kike akasema, "Ameniambia nisubiri mpaka uchaguzi upite." Hapo nilisimama. Niliueleza ukumbi, kwa utulivu, kwamba gavana si mwongo, anasubiri matokeo, na kwamba mwanamke mwenye busara humsubiri mumewe.

Jeannine alikuwa safu ya nne, kama mwanachama wa kawaida, ameshika chupa yake ya chai kwa sababu ya baridi. Hakunyanyua sauti.

"Matokeo ilitoka mwezi wa tatu, mume yangu."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. Nilisahihisha madaftari miaka arobaini, na hapo sikuona pa kuweka kalamu nyekundu. Watu mia moja na ishirini waligeuka. Chris alizima kipaza sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata tulipomsihi. Ndipo Bi Zubeda alipouliza, "Mume wa nani?"

Nami, Ndugu Katibu, nikiwa nimesimama mbele ya wote, nilijibu, "Huyu mama ni fundi wangu wa suruali."

Jibu hilo halikuwa la uongo. Suruali niliyoivaa ilikuwa kazi yake. Lakini Jeannine alikaza kifuniko cha chupa, akawaaga waliokuwa karibu naye mmoja mmoja, akatoka. Filamu hatukuimaliza. Hata leo sijui kama gavana alishinda.

Jumanne nilikwenda Malvern kama kawaida. Damien alisimama mlangoni. Aliniambia fundi hapokei suruali tena. "Lakini kama ni mke unatafuta, mzee," alisema, "mwite hapa hapa, barabara isikie." Watu walikuwa wakipita. Ndani palikuwa na mteja. Nilimwambia nitarudi.

6. Kuhusu kujua. Sasa nafika kwenye maombi. Mke wangu aliondoka kwa sababu watu wamejua. Wasipojua, hatakuwa na sababu ya kukaa mbali. Naomba basi kamati ipitishe azimio kwamba kila aliyekuwapo ukumbini Jumapili arudi katika hali ya kutojua aliyokuwa nayo Jumamosi. Asiyeweza kusahau aeleze sababu kwa maandishi. Bi Zubeda apewe siku thelathini, kwa kuwa ana kumbukumbu nzuri. Watoto waliozaliwa hapa wasisumbuliwe. Walikuwa wakitazama simu zao na hawakusikia neno.

7. Kuhusu marudio. Filamu ionyeshwe upya, na safari hii mke wa gavana atafsiriwe kuwa shangazi yake. Picha hazibadiliki, lakini maneno ni yetu. Wanapobusiana kwenye kituo cha treni, Chris aeleze kwamba shangazi anampuliza kibanzi jichoni. Wanapobusiana mara ya pili, aeleze kwamba kibanzi hakikutoka.

8. Katiba ibadilishwe ili mgombea aweze kuwa mgane kwa muda wote wa uongozi, bila kujali idadi ya wake alionao.

9. Mwisho, arusi zote za hadharani katika Bellevue na Berea zisimamishwe kwa mwaka mmoja. Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana. Hizo arusi za matarumbeta na magari yenye maua, zenye kusimamisha watu kwenye roboti, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, ndizo zinazoifanya ndoa yangu ionekane ya siri. Kama kila mtu angeoa kimya kimya kwa kisingizio cha suruali, mimi ningekuwa mtu wa kawaida.

Maombi haya yakikubaliwa, sitakuwa na kinyongo na yeyote, na nitaendelea kuutumikia Umoja kwa uadilifu ule ule mnaoujua.

Nisalimie wanachama wote, wa bara na visiwani, wa Kivu na Katanga. Msalimie Bi Zubeda na umwambie bakuli lake liko kwangu, limeoshwa. Msalimie Samira, ambaye hakunikosea lolote. Mfikishie salamu Clémentine, na Chris pia, ila zake zichelewe kidogo. Na huyo mteja uliyemwacha na nusu ya kichwa, mpe pole yangu.

Ni mimi, mwenye kunung'unika kwa utaratibu,

Mwl. Luqman
Mwenyekiti (hadi Jumamosi)

Nyongeza, Ijumaa mchana.

Asubuhi ya leo nilipeleka barua hii Malvern kabla ya kuileta kwako, ili mke wangu aone jinsi ninavyompigania. Damien alisimama tena mlangoni. Taa zilikuwa nyekundu, na teksi tatu zimesimama barabarani, madirisha wazi. Nilisafisha koo nikaita, "Jeannine, mke wangu!" Abiria wa teksi ya pili waliniitikia kabla yake. Nikaita mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya woga.

Alitoka na pini mdomoni. Aliisoma barua yote akiwa amesimama kizingitini. Kwenye namba ya tatu alicheka hata ikambidi azitoe pini kwa usalama wake. Kwenye namba ya tano hakucheka. Aliisoma mara mbili, nami nilisubiri. Alipomaliza aliikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akasema ataipeleka leo kwa Mama Marcelline, kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimwomba karatasi, na nyongeza hii naiandikia juu ya cherehani yake. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, maombi yangu yote nayafuta. Asisahau mtu. Kuhusu uenyekiti kamati iamue itakavyo. Nilichokijibu ukumbini hakikustahili kutoka kinywani mwa mwenyekiti wala mwa mume. Anayekukabidhi barua hii ni mke wangu. Mpokee kwa jina hilo, na ulitamke kwa sauti, yeyote atakayekuwapo asikie.