Neno Moja, Mama Wawili

Jumatatu, 3 Juni 1974. Kasulu.
Baridi. Nimepika tena ugali wa watu wawili. Mkono umegoma kuelewa kwamba naishi peke yangu. Lakini upweke umefika mwisho! Padre ameniazima kamusi kubwa ya Kiingereza, na humo nimekuta neno "match". Kumbe ni maneno mawili yaliyogongana jina, kila moja na mama yake. La kwanza ni kiberiti. Limetoka kwa Wafaransa wa zamani, na kwao lilikuwa utambi wa taa. La pili ni la Waingereza wenyewe: mwenzi, mtu wa kulingana naye. Mechi imezaliwa humo, timu mbili za kulingana. Kesho nitamwambia Theodosia, fundi cherehani: You are my match. Atauliza maana. Nitaeleza. Atalainika.

Jumanne, 4 Juni.
Nimemwambia. Kabla hajafungua mdomo, Tharsisi mwenye duka, ambaye Theodosia anashonea barazani kwake, akaniwekea kiberiti mkononi. Akacheka: kiberiti tu, karani, mpaka uagize kwa Kizungu? Niliona aibu kukataa. Nimenunua. Na sigara sivuti!

Alhamisi, 6 Juni.
Tharsisi kaenda Kibondo kufuata mzigo. Nafasi! Nimemweleza Theodosia neno lote, na mama zake wote wawili. Akasimamisha cherehani. Akauliza kama kiberiti basi ni mgeni, kapewa tu jina la wenyeji. Nikasema ndivyo.
"Kama mimi," akasema, akatazama barabara.
Alivuka kutoka Burundi mwaka juzi. Nilikuwa bado na mengi juu ya utambi, hivyo nikaendelea. Halafu nikamwalika kwenye mechi ya Jumamosi, Kasulu na Makere. Kakubali! Ushindi!

Jumamosi, 8 Juni.
Nilibeba mkeka wa watu wawili. Theodosia akafika amepakiwa kwenye baiskeli ya Tharsisi. Akanisalimu vizuri, akaniita kaka. Kaka! Nikamvuta pembeni, nikamwuliza Tharsisi anajua nini juu ya maneno. Akasema hajui lolote. Ila jana, Tharsisi aliporudi safari, alimkuta Theodosia kanyamaza, akamwuliza kwao kukoje. Wakaongea mpaka wateja wakachoka kusubiri.
"Wewe unajua mengi, kaka Venanti. Lakini hukuniuliza."
Mechi ilikwisha sare. Nimekunja mkeka, nimerudi peke yangu. Njia nzima hakuna aliyeniita.

Jumapili, 9 Juni.
Sikutaka hata kwenda misa. Nimekwenda. Nje ya kanisa alisimama Immakulata, mwalimu mpya kutoka Kibondo, anayekaa kwa mjomba wake. Hana wa kuongea naye. Akanitazama kama anayetaka kuanzisha mazungumzo. Nikampita haraka, sijajiandaa! Nimefungua kamusi tangu mchana na nimelipata: "dear". Maana ya kwanza, mpendwa. Ya pili, ghali. Kesho nakwenda kumwambia, mjomba akiwapo. Hili hakuna wa kulielewa vibaya.