Konokono kwa Siagi na Kitunguu Saumu

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika! Chama chetu cha wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, tawi la Herne, kinatangaza kwamba waamuzi watapita nyumba kwa nyumba Jumapili hii, kuanzia saa tisa alasiri. Mimi ni wa mwisho. Ewald Pieper, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ni wa kwanza. Upendeleo mtupu. Mwaka jana Ewald alipata alama 94 kwa mia, mimi 61. Nilieleza wakati ule kwamba waamuzi walikuwa wamechoka.

Mke wangu Gudrun ameisoma barua begani kwangu. Akasema mwaka huu nikipata chini ya 80, tangi linatoka sebuleni na kwenda chini kwenye stoo, kando ya boila, na mahali pake litakaa kabati la mama yake. Nilimuuliza kama anatania. Akaenda kuchukua futi, akapima ukuta.

Kwa hiyo, 80 au stoo. Na tatizo ni kanuni ya saba. Samaki wangu ni sikilidi, ukoo mmoja na sato, ila hawa hawafiki hata kidole gumba, na huishi na kuzaa ndani ya maganda matupu ya konokono. Kila samaki na ganda lake, ndivyo kanuni isemavyo. Ninao samaki ishirini na wawili. Maganda ninayo tisa. Wanalala mzungu wa nne, na asubuhi wanaumana.

Nilikwenda duka la wanyama. Yamekwisha! Bwana mmoja aliyanunua yote Jumamosi, eti ya akiba. Nikauliza bwana gani. Mwenye mbwa mfupi na kofia ya kijani, wakasema. Ewald! Nyumbani ana maganda sitini aliyoyabeba mwenyewe kutoka Kigoma, ambako alikaa siku kumi na moja mwaka 2009, na tangu hapo hakuna mtu hapa Herne anayeruhusiwa kufungua mdomo kuhusu ziwa lile. Nilimwomba anigawie kumi na matatu tu. Akasema haiwezekani, yameshazoeana.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Ni nani katika mji huu anayebakiza maganda ya konokono kila siku? Mkahawa wa Kifaransa! Kwa Madame Odile, karibu na stesheni, konokono huletwa dazeni kwa siagi na kitunguu saumu. Mtu anakula nyama, ganda linabaki. Ajabu hakuna aliyewahi kuwaza jambo hili kabla yangu.

Nilimwalika Gudrun, maana mwanamume akikaa peke yake na konokono kumi na wawili watu huanza kuuliza maswali. Gudrun akataka kujua nani kafa. Hakuna, nikasema. Basi akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nimestaafu tangu 2019! Akanitazama sana, kisha akapanda juu, akarudi amevaa lile gauni la kijani la harusi ya mpwa wake.

Konokono ni kama kutafuna kifutio cha penseli. Nilimeza. Gudrun akanywa supu ya vitunguu huku akitazama picha za ukutani, na kila alipogeuka ganda moja liliingia mfukoni. Manane kwa jumla! Kisha mhudumu, kijana mwembamba aitwaye Lucien, akaja kutoa sahani na kuanza kuhesabu. Kumbe maganda ni mali ya jiko, huoshwa na kujazwa tena. Akaniuliza kwa adabu manane yako wapi. Gudrun alikuwa msalani, namshukuru Mungu. Nikamwambia nimeyala. Akauliza, maganda? Nikajibu ndivyo nilivyolelewa. Aliondoka kinyumenyume.

Njiani Gudrun alinishika mkono, upande ule ule wa mfuko. Akauliza ni nini kinagongana. Goti langu, nikasema. Ameniambia nikamwone daktari.

Jumatano, 6 Machi

Maganda nimeyasuuza kwa maji baridi. Kuyachemsha singeweza, Gudrun angesikia harufu. Sasa juu ya maji ya tangi kuna utando wa mafuta unaong'aa rangi zote, lakini hilo ni jambo dogo, kwa sababu saa nne asubuhi jike mmoja aliingia ndani ya ganda jipya na hajatoka! Nilimwita Gudrun aje aone. Hakuja. Alikuwa anapiga pasi gauni la kijani na kuimba. Gudrun, kuimba!

Bado matano. Nikasema kwa nini tusirudi tena leo kwa Madame Odile. Aliweka pasi chini juu ya shati langu. Shati limeungua na hakunikaripia hata kidogo.

Leo mpishi mwenyewe alitoka, Bastien, mtu mkubwa kama friji. Habari zangu zimemfikia. Alitaka kuniona nikila ganda. Nilimweleza kwamba siwezi kwa kuamrishwa, ni jambo la moyo. Akanipa mkono, akasema msanii humjua msanii. Alipogeuka nikasokomeza matano ndani ya soksi.

Gudrun aliporudi mezani alisema, kwa sauti ya chini, kwamba alidhani nimeacha kumwona siku nyingi. Nikasema namwona vizuri sana, tena na miwani mipya. Akacheka, akanishika mkono. Lazima nikiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilikaa dakika nzima bila kuwaza samaki.

Alhamisi, 7 Machi

Maganda ishirini na mawili! Kila mmoja na lake, hakuna anayemuuma mwenziwe. Na kifungua kinywa kilikuwa kitamu zaidi. Gudrun akasema tangi libaki tu sebuleni. Kabati la mama yake atapewa dada yake Irmgard, kule Hagen. Alama si kitu, akasema, cha maana ni sisi wawili. Nimeshinda kabla waamuzi hawajavaa viatu! Mtu mwenye akili angeishia hapo, na mimi nilikuwa nimeshaamua kuishia hapo.

Saa sita nikatoka na pipa la taka. Ewald naye katoka na lake. Akauliza nina maganda mangapi. Nikamwambia, kwa utulivu wa mtu tajiri. Alicheka mpaka mbwa wake akaanza kubweka. "Moja moja? Masikini weee! Kwangu kila samaki ana matatu: la kulala, la kuzalia, na la kumkimbilia mke akinuna." Akanikumbusha kwamba maganda ya ziada yana alama tano zake.

Mchana nilihesabu alama badala ya kula.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Nimempa Gudrun zawadi: jioni nzima bila mimi. Hata hivyo ana mazoezi ya kwaya. Nilimwambia nakwenda kwa Ewald tuzungumzie chujio la maji.

Kwa Madame Odile, Lucien alikuwa ameshawasha mshumaa na kuandaa viti viwili. Nikamwambia bibi anakuja. Niliagiza dazeni mbili. Nikazimeza zote. Tumbo langu sasa hivi sitaki kulielezea.

Nilipotaka kutia ganda la kwanza mfukoni, Lucien akapiga mluzi. Jiko zima likatoka! Bastien, waosha vyombo, Madame Odile na shanga zake shingoni, watu saba wamenizunguka. "Haya bwana," Bastien akasema, "moyo uko tayari leo?" Ningefanya nini? Nilichagua dogo kuliko yote, nikalitia mdomoni, nikauma.

Kilichovunjika kwanza hakikuwa ganda. Ni gego la chini, kulia. Wakapiga makofi! Bastien, machozi yakimlenga, akanifungia maganda ishirini na matatu yaliyobaki kwenye mfuko, eti ya kifungua kinywa changu, na akasema siku nyingine nisione haya, niombe tu.

Mimi pia machozi yalikuwa yananitoka. Ndipo nilipoona kofia ya kijani dirishani. Ewald na mbwa wake. Alinitazama mimi, mshumaa, kiti cha pili, sahani ya pili. Akavua kofia kunisalimu.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi kwa daktari wa meno. Aliuliza nilikuwa nakula nini. Nikasema mkate.

Narudi, Gudrun kasimama jikoni na koti mwilini. Ewald kapiga simu, dhamiri ya ujirani ilikuwa inamsumbua. Gudrun akaniuliza neno moja tu: "Nani?"

Nilicheka kwa nafuu, upande wa kushoto. Hakuna mwanamke! Nikamshika mkono mpaka kwenye tangi, nikamweleza yote: kanuni ya saba, mifuko, soksi, goti, gego. Kwamba mara zote tatu nilikwenda kwa ajili ya maganda tu na si mtu. Nikasubiri acheke pamoja nami.

Akaketi. "Zile jioni zetu mbili pia?" Nikasema hizo hasa. Nilitaka kumwambia ile dakika moja, lakini ganzi ilikuwa inaisha na jino likaanza kupwita.

"Heri angekuwa mwanamke, Hartmut," akasema. "Mwanamke ningemnyonyoa nywele. Konokono nimnyonyoe nini?"

Amekwenda Hagen kwa Irmgard, treni ya saa sita na dakika arobaini. Gauni la kijani ameliacha kwenye kiti.

Jumapili, 10 Machi

Waamuzi walifika saa kumi na moja. Watatu, wakiongozwa na mwenyekiti, Bi Waltraud Overbeck, ambaye hupima joto la maji kwa kiwiko. Wageni hawa huandaliwa kahawa na keki, hilo halimo katika kanuni lakini ole wako usiandae. Keki ya Gudrun inajulikana mji mzima. Nilioka ya pakiti. Haikuumuka. Mmoja wao aliuliza kama ni biskuti.

Bi Overbeck akanusa hewa, akauliza jirani gani anapika. Kisha akachovya kiwiko. Kilitoka kinang'aa. Aliandika kwa muda mrefu. Wakahesabu maganda: arobaini na matano! Samaki wote wazima, mmoja mmoja mlangoni kwake, wanene kidogo.

Wakaenda varandani kushauriana. Wakarudi. Themanini! Themanini kamili! Na Ewald? Sabini na nane! Maganda yake ni mengi mno, samaki wote wamejificha, waamuzi walikaa nusu saa mbele ya tangi wasione hata mkia.

Nilikimbia jikoni kumwambia Gudrun.

Jikoni hapakuwa na mtu. Nilisimama pale na karatasi ya alama mkononi, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ya jokofu. Nilimkosa mke wangu vibaya sana. Sijali atakayelisoma hili.

Jumatano, 13 Machi

Gudrun alipiga simu jana! Sharti: nimpeleke kula chakula cha jioni, mahali achague yeye, na mlangoni atanikagua. Nikakubali kabla hajamaliza. Tena nikamwambia ile dakika. "Dakika nzima?" akauliza. Nzima, nikasema, bila samaki hata mmoja.

Amechagua kwa Mthai mmoja huko Bochum. Mlangoni alinikagua mifuko yote minne, soksi zote mbili na ndani ya kofia, mbele ya watu. Nilikuwa safi kama mtoto mchanga. Tukaketi. Nikamwambia nyumba haikaliki bila yeye, kwamba nimekuwa mjinga na nimejifunza, na kila neno lilitoka moyoni. Akasema basi, yaishe, kesho anarudi nyumbani. Tulishikana mikono yote minne. Sijawahi kuwa na furaha namna ile.

Kisha akaenda msalani, nami nikatazama huku na huku.

Nyuma ya kaunta! Tangi kuukuu, maji ya kijani, hekalu la plastiki. Na ndani yake, peke yake, dume wa buluu mwenye mistari myeusi, wa kusini kabisa mwa ziwa, ambaye hata Ewald hana na hatakuwa naye! Nilimuuliza mwenye mkahawa kwa sauti ya kawaida huyo ni samaki gani. Akasema hajui, alimkuta.

Gudrun aliporudi nilikuwa nimeshaweka nafasi ya meza ile ile, sisi wawili, kila Jumatano mpaka mwisho wa Juni. Alilia. Alinikumbatia katikati ya mkahawa, wateja wakapiga makofi.

Juu ya bega lake nilimpima yule dume kwa macho. Sentimita kumi na mbili. Chupa ya chai ya lita mbili inatosha.