Kusalimika Kwangu Kwenye Kiti cha Meno, na Fedheha Iliyonipata Mbotela

Kwa Daktari Mbeti,
Kliniki ya Meno, ghorofa ya kwanza, Jogoo Road.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: USALAMA ULIOPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa usalama ndio hasa ninaoulalamikia. Mimi ni Phares Luseno wa mtaa wa Mbotela, mlinzi wa ghala Industrial Area. Ndimi yule mzee uliyemng'oa gego wiki jana.

Nikiwa mdogo nilimwona mjomba aking'olewa jino kwa koleo ya fundi wa baiskeli, na tangu siku hiyo nikiambiwa nifumbue kinywa, hutafuta mlango. Gego hili nililivumilia hadi shavu likavimba na jicho likafumbika. Mke wangu Ayuma ndiye aliyesikia kwamba kwenu mwoga hupewa dawa ya kumtuliza, nusu usingizi, nusu macho, akanileta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinieleza ukweli. Nilipouliza kama mtu anaweza kufa, ulivuta kiti ukasema hatari ipo, ingawa ni ndogo, kwa kuwa dawa inaweza kupunguza kasi ya kupumua, na ndiyo maana mgonjwa haachwi peke yake hata kidogo. Ukaniuliza kuhusu presha, pombe, dawa ninazomeza, na kama nakoroma. Hilo la kukoroma Ayuma alilijibu kwa kirefu. Mimi katika maelezo yote nilisikia neno moja, hatari, na nikarudi mtaani kutangaza kwamba nakwenda kufa.

2. Watu waliamini. Kaka yangu mkubwa, Ndete, alipanda basi kutoka Vihiga akiwa na suti nyeusi. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba, wakakaa. Jirani yangu Owuor, ambaye hukodisha mahema, alisimamisha moja uwanjani bila kuombwa, akisema jua ni kali. Niliwaaga wote. Redio yangu nilimpa Ndete. Owuor nilimsamehe mbele ya mashahidi kwa ule ukuta alioujenga ndani ya mpaka wangu. Msamaha huo, Daktari, niliutoa nikitarajia kwamba sitaishi nao.

3. Niliagizwa nije bila kula. Muuguzi wako Aluoch aliniuliza kama nimekula, nikakana. Akanipima uzito, akauliza tena, nikakana. Akanipima presha, akauliza mara ya tatu kwa upole uleule, nikakiri andazi moja. Mkanirudisha nyumbani hadi kesho yake. Waombolezaji hawakuwa wamejiandaa kwa siku mbili. Unga uliisha.

4. Siku ya pili nilifungwa kidoleni kibanio cha kupima hewa katika damu, nikawekewa mrija wa hewa puani na sindano mkononi. Niling'ang'ania kiti hadi kikaanza kulia. Wewe ulinishika bega ukasema, "Mzee Luseno, sitakuharakisha. Ukitaka tusimame, inua mkono, nitasimama."

Nilijiandaa kuinua mkono. Nikamsikia Aluoch akiniambia jino limetoka. Alisema muda wote alikuwa kando yangu akitazama ninavyopumua, na kwamba kila nilipoulizwa jambo nilijibu vizuri. Sikumbuki. Nimeogopa tangu utotoni, na wakati wenyewe ulipofika sikuwepo.

5. Mlikataa kuniachilia hadi niliposimama bila kushikwa, kisha mkamkabidhi Ayuma maagizo: nisiamue jambo wala kutia sahihi popote hadi kesho. Kwa hiyo nilifika Mbotela kwa miguu yangu, akina mama wakiwa katikati ya wimbo wa kuaga. Wimbo ulikatika. Kijana mmoja wa ploti yetu akaniuliza, "Niaje mzee, si ulisema unaenda?" Ndete alisimama na suti yake nyeusi. "Nimeacha ng'ombe kwa jirani nije kukuzika," akasema, "na wewe unakuja ukitabasamu." Kisha akaenda nyuma ya hema, na nilipomfuata nilimkuta analia, akanifukuza. Redio amekataa kuirudisha. Owuor sasa anauongeza ukuta kimo, akisema alisamehewa.

Naomba basi unipe barua yenye mhuri ikithibitisha kwamba nilikaribia kufa. Dhamiri yako ikikataa, bandika tangazo mlangoni kuwaonya wananchi kwamba wagonjwa wa hapa hurudi nyumbani wazima, ili jamaa zao wasifunge safari. Nisipojibiwa, nitawaandikia wakubwa wako niombe kliniki ifungwe.

Nisalimie Aluoch, na yule mama wa mapokezi aliyenipa kitambaa cha kufutia mate, na bawabu.

Nami nabaki, kwa heshima na kuudhika,
Phares Luseno

Tanbihi: Jana Ayuma alinionyesha meno yake. Mawili yameoza hadi kwenye fizi. Amekuwa akitafuna upande mmoja tangu kabla ya Krismasi, na alinyamaza kwa sababu, asemavyo, nyumba moja haiwezi kubeba waoga wawili. Nimemwandikisha kwako Alhamisi. Ana presha, na huisahau akiulizwa, kwa hiyo muulize mara tatu. Mfanyie yote mliyonifanyia, lisipunguzwe hata moja. Nitakuwa nje ya mlango. Mtaani sijamwambia mtu. Ikiwezekana, malalamiko hayo ya juu usiyasome kabla ya Ijumaa, Ayuma akiwa amesharudi nyumbani.