Utani Wangu na Watu wa Denmark

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kazi zote nimemaliza kabla ya adhuhuri. Siri yangu ndogo: mashati ya Bwana Brian napiga pasi mbele tu. Mgongoni nani anaangalia? Deki nimepiga pale panapopita watu. Samaki nimenunua, wako jikoni kwenye beseni. Bwana Brian yuko Madimba kwenye mambo yake ya gesi. Mkewe, Mama Esta, yuko chuoni anafundisha. Nyumba nzima kimya. Mtaa wote wa Shangani, hapa Mtwara, kimya. Hata mbwa wao kalala.

Nikaenda barazani kwenye bembea yao ya kulalia. Jamani! Ni kamba tu iliyosukwa, imefungwa nguzo hadi nguzo, lakini ukijilaza unasahau jina lako. Upepo wa bahari unakusukuma taratibu, taratibu. Nikaota niko Ruvuma, naelea kuelekea baharini, mikoko inanipungia, viboko wananipisha. Mmoja akaniita Mheshimiwa Jafari. Naitaka bembea hii. Sijataka kitu namna hii tangu nilipomtaka mke wangu Zainabu.

Nikaamshwa na Zuberi, mlinzi wetu. Kasimama mbele yangu na samaki mkubwa kuliko wote mkononi. Akasema huyu ni wake. Akaondoka naye anacheka. Na mimi nikacheka! Ningefanyaje? Yeye Mmakua, mimi Mmakonde. Mtani wangu. Mtani akichukua kitu chako unacheka. Ukinuna umeaibisha ukoo mzima. Kwenye msiba wa shangazi yangu alivaa viatu vyangu vipya akaenda navyo kwake, na waombolezaji wakampigia makofi.

Jioni, mikono ikiwa kwenye mapovu ya sabuni, wazo likanijia. Mtani anachukua, mwenye mali anacheka. Je, kama mimi ni mtani wa mabosi?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemweleza Mama Esta jikoni, huku namenya muhogo. Nikamwambia watu wake na watu wangu ni watani tangu enzi na enzi. Akauliza tangu lini hasa. Nikasema tangu zama za Wajerumani: tulipigana, tukapatana, na waliopigana wakapatana ndio huwa watani. Akasema wao si Wajerumani, wanatoka Denmark. Nikasema Mama, kwa wazee wetu mlifanana.

Akanikazia macho. Nikajua nimekwisha. Kumbe machozi yanamlengalenga! Akasema miaka yote aliyokaa Mtwara anaitwa mgeni, leo ndiyo mara ya kwanza kusikia ana watu wake hapa. Nilijisikia vibaya kweli. Muhogo ulipoiva nikawa nimesahau.

Akauliza sheria za utani. Nikampa moja: mtani anachukua, mwenzake anacheka. Kwamba na mwenzake ana haki hiyohiyo, sikuona sababu ya kumchosha mama wa watu. Zuberi alikuwa nje ya dirisha, anajifanya anamwagilia maua. Maua gani? Pale pana zege tupu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefanikiwa! Asubuhi nimefungua bembea mbele ya macho yao, nikajitwisha kichwani, nikatangaza kwa sauti kwamba mimi mtani nachukua. Mama Esta akacheka hadi akashika ukuta. Bwana Brian akanifungulia geti mwenyewe. Watu wazuri hawa. Laiti tungepigana nao mapema zaidi.

Nimeifunga nyumbani Magomeni, kati ya nguzo ya jiko na mkorosho. Zainabu akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia akae pembeni aone maisha. Nikalala. Korosho changa juu yangu, jua linapenya kwenye majani linanichezea usoni, harufu ya mabibo tamu mpaka kooni. Nikaota nimevuka mto, watu wa ng'ambo wamejipanga ukingoni, kila mmoja ameshika bembea yake, wananisubiri nichague. Nilipoamka kuku walikuwa wamelala na mimi nina alama za kamba shavuni. Zainabu anasema nilikuwa nacheka usingizini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Balaa! Nikiwa nakunywa chai, gari la mabosi limesimama mlangoni kwangu. Mama Esta kashuka kwa furaha, kajifunga kanga, anatangaza kwa Kiswahili safi kwamba yeye mtani amekuja kuchukua. Nani kamfundisha nusu ya pili? Kule kwenye gari, Zuberi, anaangalia mawingu.

Akachukua jogoo wangu. Bwana Brian akaingia chumbani, akatoka na godoro. Godoro letu la harusi! Majirani wameegemea kuta kwa vicheko. Na mimi, mbele yao wote, ilibidi nicheke. Nimecheka mbavu zimeuma. Zainabu hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bembea hailali watu wawili.

Kisha Mama Esta akanivuta pembeni, uso umebadilika. Mama yake alifariki mwezi wa nane. Alipofika kwao walishamzika. Tangu hapo, anasema, hajaweza kulia sawasawa wala kucheka sawasawa. Zuberi kamwambia kwenye msiba watani ndio wanaobeba kazi zote, na ndio wanaomrudisha marehemu kwa mzaha ili wafiwa wapumue. Anataka kumfanyia mama yake msiba wa namna hiyo Jumamosi. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mtani, je nitakuja.

Ningesema uongo mwingine. Ulimi ukakataa. Nikasema nitakuja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijawahi kufanya kazi hivi. Alfajiri sokoni: nazi, mchele, vitunguu. Kisha mtungi wa gesi. Gesi iko chini ya bahari yetu, inapita kwenye bomba mpaka Dar bila kutoka jasho, mimi naibeba begani. Nikakuna nazi. Nikafua mapazia. Nikatandika majamvi. Nikapiga deki mpaka chini ya makabati, nikaogopa niliyoyakuta. Shati la Bwana Brian nimelipiga pasi mgongoni. Akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena.

Barazani, pale ilipokuwa bembea, kuna godoro langu. Juu ya godoro kuna mbwa. Kalala chali, miguu juu, mate yanamtoka. Basi, godoro hilo halirudi tena kwa Zainabu.

Wageni wa chuoni na majirani zangu wa Magomeni walipokaa, Mama Esta akaniletea koti la mama yake. La sufu! Zito! Mtwara, Oktoba! Nikalivaa. Nikamuuliza marehemu alikuwaje. Akasema alikuwa anaonja mchuzi wa kila mtu na kutikisa kichwa. Alikuwa anazima taa hata kama watu bado wanasoma. Alikuwa anawaambia wakwe zake wasimame wima.

Nikaanza. Nikapita na kijiko, nikaonja pilau ya mkuu wa chuo, nikatikisa kichwa. Nikazima taa zote za sebuleni. Nikampiga Bwana Brian mgongoni asimame wima. Akasimama kama mwanajeshi. Watu hoi. Jasho linanitiririka, kichwa chepesi, sebule inaelea, na kwa kitambo kidogo, naapa, nilihisi bibi mmoja mkali yumo ndani ya lile koti, na hapendi joto hili. Nikageuka kwa Mama Esta, nikamwekea kiganja shavuni, nikamuuliza kama amekula.

Sijui nililitoa wapi hilo. Hakuniambia. Alicheka, kisha kicheko kikakatika, akalia kwa sauti, kilio hasa cha msibani, na akina mama wote wa Magomeni wakamzunguka wakamshika. Bwana Brian alilia pia. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo. Vitunguu vilikuwa vikali.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama Esta amenishukuru. Kasema usiku amelala vizuri. Kasema hata kama vile vita sikuvijua vizuri, utani huu ni wa kweli. Ameshagundua! Lini? Hakusema. Kanirudishia jogoo. Godoro hakuliulizia mtu.

Jana nililala hukohuko kwa mabosi; leo nimerudi nyumbani mwepesi, nawaza bembea yangu, mkorosho wangu, upepo. Nguzo tupu. Zainabu kasema jana nikiwa kwenye koti la sufu Zuberi alipita, akaichukua. Yeye kamsaidia kufungua vifundo. Sheria ni sheria, kasema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Nikaenda kwa Zuberi. Yumo ndani ya bembea, macho nusu, anaelea. Akaniomba nicheke. Nikacheka.

Sasa niko kwenye mkeka, mgongo unauma, natazama dari. Nimekaa nikawaza sana juu ya wiki hii: uongo, jogoo, godoro, machozi ya mama wa watu. Mtu mwenye akili angejifunza. Na kweli nimejifunza: kosa langu lilikuwa kumwacha Zuberi karibu na dirisha.

Nyumba ya tatu kutoka kwa mabosi amehamia bwana mmoja kutoka Brazili. Nimechungulia ukutani. Ana kiti kirefu cha kulalia, chekundu, kina mto wa kichwa na mahali pa kuweka glasi. Brazili iko wapi sijui. Lakini lazima kuna mahali tulipigana nao.