Darubini ya Arvid na Mikia ya Mashati

"Sikilizeni nyie! Mtu mzima, na ndevu zake, kampiga risasi nne kulungu wa plastiki!"

Aliyebwata ni Lyle. Wanamwita Redio, kwa sababu gazeti huja moja tu pale kwa Darlene na yeye hulisoma kwa sauti, utake usitake. Ilikuwa Jumatatu, siku ya tatu ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huku kaskazini mwa Wisconsin. Nje theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya kile kiduka cha petroli, chambo na kahawa, hita ilinguruma kama ina ugomvi na mtu. Kila mmoja alishavua koti lake la rangi ya machungwa, isipokuwa Wendell.

"Alikuwa wapi huyo kulungu?" Darlene aliuliza huku akimimina kahawa.

"Bustanini kwa jirani, kati ya maua. Jamaa anasema alishangaa sana, mnyama kala risasi tatu na hata kupepesa macho hapepesi."

"Na ya nne?"

"Ya nne ni hasira tu."

Wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Arvid naye alicheka, ila cheko lake lilikuwa la mdomoni tu. Jumamosi alfajiri kulungu dume alimsimamia yadi sitini, ubavu wazi, katulia kama anapigwa picha ya pasipoti. Arvid akafyatua, akaua mti wa mwerezi.

Na kwenye kambi za uwindaji za huku, anayekosa hasamehewi. Unasimamishwa mbele ya wenzako, shati lako linakatwa kipande cha nyuma, kinaandikwa jina lako kwa wino mnene, halafu kinapelekwa kutundikwa kwenye dirisha la baa iliyo ng'ambo ya barabara, dunia nzima isome. Mkia wa shati la Arvid ulikuwa unaning'inia huko tangu jana. Hilo angelimeza. Lisilomezeka ni neno la mwanawe, Curtis: "Baba, msimu unaisha Jumapili. Ukikosa tena, mwakani unashika mwiko jikoni." Kambini kwao hajawahi kutokea mtu aliyeshika mwiko akarudi msituni. Kaka yake Nels alikabidhiwa mwiko, awe mpishi wa kambi, akiwa na miaka sabini, na siku ya mazishi yake watu walisifia chapati zake za maji tu, utadhani marehemu hajawahi kugusa bunduki.

"Mnaona madhara ya darubini za bei rahisi?" Wendell alisema, akijifuta jasho. Huyu ndiye Profesa. Shule aliiacha mapema, lakini hakuna asilolijua. "Huyo wa kulungu wa plastiki, naapa, kafunga kidude cha dola mia. Kama huyu mzee wetu hapa."

"Nimefanya nini tena?" Arvid akang'aka.

"Fungua huo mfuko wako, tukusaidie kulia."

Arvid alitoa kiboksi kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa darubini ya bunduki, ndogo, nyeusi. Duka la vifaa vya uwindaji lilimpa aijaribu mpaka saa sita mchana. "Dola mia moja sabini na tisa. Wakia kumi na moja tu. Bega langu la kulia limepasuliwa mwaka huu, Profesa. Bunduki ikizidi uzito mkono unatetemeka. Ile ya zamani ilikuwa nzito, tena imeingia ukungu. Ndiyo maana nilikosa."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Redio akasema bila kuinua uso gazetini.

"We soma gazeti!"

"Mia na sabini na tisa!" Wendell aliishika kwa ncha za vidole kama kashikishwa panya. "Hii si darubini, hii chupa ya dawa ya kikohozi. Mimi yangu dola mia tisa. Inakuza mara ishirini na tano. Kulungu akiwa kilomita nzima, mimi nahesabu kope."

"Sasa kope za nini, bwana wewe? Unamchumbia?" Darlene akauliza.

"Na msitu wetu wote ni mierezi," Arvid akadakia. "Ukiona mbali sana ni yadi themanini. Kwa darubini yako nitaona sikio moja, tena nisijue la nani. Hii inaanzia mara mbili, inaishia saba. Inanitosha."

"Rahisi huvunja upishi, mzee."

"Usinitajie upishi!"

Redio akaanguka kifudifudi kwenye gazeti kwa kicheko. Wendell akanyoosha vidole vinne. "Tena darubini nyepesi ina hatari. Bunduki ikiwa nyepesi inapiga teke nyuma. Jicho likae mbali, vidole vinne hivi, la sivyo darubini inakupasua nyusi."

"Msikilizeni anayefundisha," Darlene akasema. "Na huo mwezi mchanga kwenye nyusi yako, ulipigwa na nani?"

Wendell alijigusa kovu. "Hii ajali ya zamani. Lakini mimi, miaka thelathini na moja, sijakosa mnyama. Shati zangu zote nzima. Kaulizeni popote."

"Hebu vua koti basi, Profesa. Unaiva humo ndani."

"Nina mafua."

Darlene akamwangalia kidogo, akaachana naye. Akaichukua darubini, akampa Arvid. "Maneno hayaui kulungu. Angalia dirishani, kule baa. Soma mikia ya mashati. Ukiisoma, nunua. Usiposoma, rudisha."

Arvid akaweka darubini kwenye jicho la kulia, lile lile alilolengea kwa miaka sitini. Aliona dirisha, aliona vitambaa, na juu ya vitambaa kama maziwa yamemwagika.

"Imeingia ukungu," akasema.

"Mpya? Kutoka kwenye boksi?"

"Nimeshika vibaya." Akapeleka mkono nyuma atafute pindo la shati apangusie kioo. Mkono ukapapasa, ukapapasa, ukakuta suruali. Redio akalia machozi.

"Nilisema mimi!" Wendell akapiga meza. "Chupa ya kikohozi! Mzee, pokea mwiko kwa heshima. Kila mtu na zamu yake. Mimi nitakuja kula chapati zako."

Maneno yalimchoma Arvid kweli. Alikuwa anamwona Nels na aproni yake, akiwaaga wenzake alfajiri mlangoni huku moshi unamtoa machozi, au alikuwa anasingizia moshi. Darlene akaweka birika chini. Akainama, akamtazama usoni kwa karibu, kama mama anayetafuta kibanzi.

"Arvid, we mbishi, tena mbishi wa kuzaliwa. Darubini haina kitu. Jicho lako la kulia lina mtoto wa jicho, naliona kutoka hapa, jeupe kama kikombe hiki. Jicho la kushoto umeliweka pambo?"

"Mimi nalenga kwa kulia. Baba yangu alilenga kwa kulia."

"Na baba yako angekuwa hai angekuchapa. Bunduki yako unakoki kwa wenzo wa chini, haichagui mkono. Bega bovu ni la kulia. Jicho bovu ni la kulia. Sasa unang'ang'ania kulia kuna nini?"

Hata Redio alikunja gazeti. Arvid alihamisha darubini polepole, kwa aibu, kama mtu anayevaa kiatu kwa mguu usio wake. Jicho la kushoto likatua kwenye kioo.

"Lo!" akasema.

"Nini?"

"Naona mishono. Naona mpaka pini." Akaipeleka darubini kitambaa kwa kitambaa. "Huu hapa wangu, wa miraba myekundu. 'Arvid Stenerud, yadi sitini.' Huu wa mtoto wa kina Brekke. Na kuna mwingine, wa kijani, mpya kabisa, jana haukuwepo."

Kiti cha Wendell kilikwaruza sakafu. "Jamani, nachelewa."

"Umeandikwaje huo?" Redio akasimama.

Arvid akazungusha pete ya kukuza mpaka mara saba, akasoma taratibu, akifaidi kila neno. "'Wendell Kobza. Yadi ishirini na tano. Mara mbili.'"

"Wee!"

"Subirini, shemeji yake kaongeza chini, kasaini kabisa: 'Kulungu alikuwa amelala.'"

Chumba hakikutosha kwa kicheko. Redio aligonga meza kwa ngumi zote mbili. Darlene alishika tumbo, akanyoosha kidole. "Profesa, vua koti! Tuonyeshe hayo mafua!"

"Niliona manyoya tu!" Wendell alifoka. "Yadi ishirini na tano, darubini ile, nyeusi tupu, manyoya kila mahali! Ungekuwa wewe ungejua tumbo liko wapi?"

"Hukuona kope?" Arvid akamuuliza kwa upole.

Wendell akatoka kinyumenyume, mgongo mlangoni, mikono miwili imelishikilia koti kwa nyuma, mpaka akapotelea kwenye theluji.

Arvid aliirudisha darubini kwenye kiboksi chake, akavaa koti, aende kule duka la uwindaji kulipa. Mlangoni akageuka.

"Darlene, una mwiko wa kuuza?"

"Wa nini tena, mzee?"

"Nimpelekee Profesa. Nitamwambia ni mwepesi, haumizi bega."